Unguja ya Wanazuoni: Simulizi ya Safari kutoka Malindi hadi Tunguu

Jumapili: kushuka Malindi

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili na kutia gati Malindi, mlangoni mwa Mji Mkongwe. Chagua ile itakayokushusha kabla ya magharibi, maana vichochoro vya mji huu ni shida kuvijua gizani kwa mara ya kwanza. Bandarini kuna ukaguzi wa uhamiaji, jambo ambalo wengi wa bara hulisahau. Mtanzania huonyesha kitambulisho, mgeni huonyesha pasipoti, na asiye Mtanzania hudaiwa pia bima ya safari ya Zanzibar. Bima hiyo ilipie mtandaoni kabla hujaondoka nyumbani. Anayengoja kuilipia bandarini husimama na mizigo yake huku wenzake wameshaingia mjini.

Nje ya geti wanangoja papasi, watu wanaojipachika kubeba mizigo na kuongoza wageni kwa malipo. Wasalimie, waambie mwenyeji wako yupo, na usiwape begi mkononi. Ukishampa mtu begi umeshakubali kazi yake, na bei itatajwa mkifika.

Kwa safari hii lala ndani ya mji wenyewe: Malindi, Kiponda, Mkunazini au Vuga. Darsa za misikitini huwa baina ya magharibi na isha, na gari haziingii vichochoroni, kwa hiyo aliyelala mbali hukosa kilicho bora kuliko vyote. Ramani ya simu nayo usiitegemee. Kuta ni ndefu na njia ni nyembamba, mawimbi ya setilaiti hugonga ukutani, na alama yako kwenye skrini hurukia nyumba ya tatu. Shika alama za mji: bahari iko magharibi na kaskazini, Barabara ya Mkapa inayopita Darajani iko mashariki, na Minara Miwili ya kanisa la Wakatoliki huonekana ukiwa juu ya dari yoyote. Ukipotea, nenda mbele moja kwa moja. Utatokea ama pwani ama Darajani.

Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na wengi huja kwa ajili ya majumba. Safari hii imepangwa kwa ajili ya waliosoma na kusomesha ndani ya majumba hayo. Ndiyo maana inaanza Jumatatu na kwisha Ijumaa mchana, na kila siku imefungwa kwenye saa za sala.

Jumatatu: Malindi na Ukutani

Karne nzima kabla Unguja haijawa na chuo kikuu cha serikali, watu walikuwa wakivuka bahari kuja kusoma hapa, kutoka Ngazija, Lamu, Mombasa, Barawa na Hadhramaut. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawy (1838–1896) alitoka Barawa akawa kadhi wa Unguja. Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit alizaliwa Ngazija mwaka 1861, akawa nahodha wa jahazi, akasoma hadi Istanbul, kisha akashika ukadhi hapa mpaka alipofariki 1925. Mwaka huohuo alifariki rafiki na mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, aliyefungua madrasa yake Ukutani. Sifa yake ilifika mbali kiasi cha kutumwa Cape Town kusuluhisha mgogoro wa Waislamu wa huko. Baada yao akaja Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumeit, kisha kizazi cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), aliyetafsiri Qur'ani nzima kwa Kiswahili, tafsiri iliyochapishwa nzima mwaka 1969, wakati huo akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mlolongo huu ujue kabla hujaanza kutembea. Bila yake utapita mbele ya ukuta mweupe wenye mlango mdogo na usijue umepita wapi.

Asubuhi anzia Malindi, ambako kuna misikiti ya zamani sana. Mmoja una mnara wenye umbo la pia, mpana chini na mwembamba juu, umbo lisilopatikana sana pwani yote ya Afrika Mashariki. Kaburi la Sayyid Ahmad bin Sumeit liko ubavuni mwa Msikiti wa Ijumaa wa Malindi. Kama unataka kuzuru, ngoja baada ya sala ya adhuhuri watu wakitoka, umtafute imamu au mzee aliyekaa barazani, umwamkie na umweleze nia yako. Kuingia na kupiga picha kwanza ndiyo njia ya kufukuzwa. Asiye Mwislamu aridhike kutazama kwa nje isipokuwa amekaribishwa. Misikiti ya Unguja ni ya kusalia, na wenyeji hawajaizoesha kuwa pahala pa kutalii.

Malindi hii ndiyo mitaa aliyokulia Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa 1948, akaondoka kwenda Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964, na akapata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Hakuna haja ya kutafuta nyumba. Simama tu ukitazama bandari, majahazi na maghala, na msomaji wake atajua yuko wapi.

Kutoka Malindi teremka kwa miguu kuelekea Kiponda na Ukutani. Katikati ya asubuhi, na tena alasiri baada ya skuli, utasikia sauti za watoto zikitoka kwenye vyumba vya chini. Hivyo ni vyuo vya Qur'ani, na bado ndipo mtoto wa mjini anapoanzia alifu. Hapo zamani walisomea mbao za kuoshwa, leo wengi wana juzuu za karatasi. Simama mbali kidogo na mlango. Mwalimu akikuona akakuitikia, sema salamu na uendelee na safari yako. Ukiingia, watoto huacha kusoma wote kwa pamoja na mwalimu hupoteza nusu saa kuwarudisha.

Jioni ndiyo kiini cha siku. Misikiti ya Gofu na Barza inajulikana kwa darsa zao tangu enzi za wazee hao. Fika kabla ya magharibi, ukiwa na udhu wako, kanzu au shati la mikono mirefu na suruali pana, kofia ukiwa nayo. Baada ya sala wengi huondoka na wachache hubaki. Wanaobaki husogea mbele na kukaa duara, nawe kaa nyuma yao. Sheikh hufungua kitabu, mmoja wa wanafunzi husoma ibara ya Kiarabu, na sheikh humkatisha kila baada ya maneno matatu au manne kuyafasiri kwa Kiswahili, kisha kueleza. Mwanafunzi akikosea irabu ya mwisho, sheikh hakemei. Huinamisha kichwa na kungoja, na mwanafunzi huirudia mpaka inyooke, kwa kuwa irabu hiyo ndiyo inayoonyesha nani ametenda na nani ametendwa. Usikatishe kwa swali. Maswali huja mwisho, na mgeni hungoja wenyeji waulize kwanza. Simu izimwe kabisa. Kurekodi kunahitaji idhini ya sheikh mwenyewe, na idhini ya aliyekaa karibu nawe haitoshi. Wanawake wana darsa zao, nyingi mchana na kwenye madrasa. Mwenyeji wako wa kike ndiye atakayejua ni wapi na saa ngapi, na kwenda naye ni bora kuliko kwenda peke yako.

Kama shabaha yako kubwa ni darsa, njoo mwezi wa Ramadhani, maana tafsiri ya Qur'ani husomwa kila siku na misikiti hujaa. Lakini uwe tayari: ofisi hufunga mapema, mikahawa mingi haifunguki mchana, na kula au kunywa hadharani hakuvumiliwi hata kwa mgeni. Aliyekuja kwa ajili ya nyaraka na makumbusho achague mwezi mwingine.

Baada ya isha pita Sokomuhogo, pale panapoitwa Jaws Corner. Toa salamu kwa wote, kaa unapopata nafasi, agiza kahawa chungu na kashata. Mazungumzo ya hapo ni siasa, mpira na nahau ambazo kamusi hazijazipata. Mgeni anayesikiliza hupendwa zaidi ya anayehoji.

Jumanne: Mkunazini na Mbweni

Ingia mapema Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililosimama palipokuwa soko la watumwa, mara geti linapofunguliwa. Makundi ya watalii kutoka hoteli za pwani hufika katikati ya asubuhi, na wakishaingia kwenye vyumba vya chini huwezi tena kusikia wala kuona.

Mkataba wa kufunga soko la watumwa ulitiwa saini na Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, tarehe 5 Juni 1873. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo misheni ya Kianglikana iliweka jiwe la msingi la kanisa kwenye uwanja wa soko lenyewe, na Krismasi ya 1877 ikasaliwa ibada ya kwanza. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, na paa la zege la matumbawe analotazama kila mgeni lilikuwa ubishi wa zama zake, maana wengi waliamini litaporomoka. Limesimama mpaka leo. Steere alifariki 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu. Tazama pia nguzo za karibu na mlango wa magharibi zilizowekwa juu chini. Inaelezwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo wakati askofu hayupo.

Uani kuna sanamu ya watumwa iliyotengenezwa na Clara Sörnäs mwaka 1998, watu waliosimama ndani ya shimo na mnyororo shingoni. Soma kwanza maonyesho ya maandishi, ndipo uende kwenye sanamu, kisha mwisho vyumba vya chini. Kuhusu vyumba hivyo sikiliza kwa makini: jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba watumwa waliwahi kufungiwa humo. Muongozaji mzuri hukueleza hivyo mwenyewe. Unyama wa soko lile hauhitaji kuongezewa kitu, na anayeueleza kwa ushahidi ndiye anayewatendea haki waliouzwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili, Steere ana deni jingine kwetu na sisi kwake. Kitabu chake cha kufundishia lugha, kilichoeleza Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja, kilitoka 1870, na misheni ikawa na mtambo wa chapa uliofanyiwa kazi na vijana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kwa hiyo mikono iliyopanga herufi za baadhi ya vitabu vya mwanzo vya Kiswahili vya herufi za Kirumi ilikuwa ya watoto wa Kiyao, Kinyasa na makabila mengine, walioikuta lugha hii hapa. Wakati huohuo Barghash naye alileta mtambo wake wa chapa, karibu mwaka 1880, ukachapa vitabu vya Kiarabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, ya Kiibadhi, madhehebu ya masultani. Mitambo miwili, dini mbili, mji mmoja. Halafu mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Ukisoma gazeti Kigoma au Kisumu leo, unasoma matokeo ya mji huu.

Alasiri panda daladala 505 ya uwanja wa ndege na mwambie utingo mapema akushushe njiapanda ya Mbweni. Usipomwambia hupitishwa, kwa kuwa wengi garini wanaenda mbele. Kutoka njiapanda chukua bodaboda au tembea. Mbweni ndipo misheni ilipoweka wasichana waliokombolewa. Skuli ya St Mary's iliongozwa na Caroline Thackeray, aliyefika 1877 na kuishi Unguja mpaka kufariki kwake 1926, na wengi aliowasomesha walitoka kuwa walimu. Magofu ya skuli na kanisa lake dogo yamo ndani ya eneo lenye walinzi, hivyo piga hodi getini na uombe ruhusa. Usipande kuta. Chokaa imekwisha katikati ya mawe, na jiwe la juu hung'oka kwa mguu mmoja. Kanisa la St John's la karibu bado linatumika.

Rudi mjini kabla ya giza, maana daladala za usiku ni chache na bodaboda hupandisha bei.

Jumatano: Kilimani na Vuga

Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, mwendo wa miguu kutoka Mnazi Mmoja. Ofisi za serikali Zanzibar hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri. Ukifika saa nne umeshapoteza nusu ya siku yenye faida.

Mgeni wa kawaida anaweza kuomba kuonyeshwa maonyesho. Anayetaka kusoma majalada anahitaji kibali cha utafiti, na kibali kishughulikiwe wiki kadhaa kabla ya safari, kikiambatana na barua ya chuo chako na maelezo ya unachotafuta. Kosa la wengi ni kuja na barua isemayo "historia ya Zanzibar". Andika mada, miaka na watu au idara unazozifuatilia. Mhifadhi akijua unatafuta skuli za wasichana za miaka ya 1930, atakwambia pa kuanzia kwa dakika mbili.

Siku ya kwanza haikupi majalada mengi. Inakupa orodha. Majalada yamepangwa kwa herufi: fungu la AA ni la ubalozi wa Uingereza wa karne ya 19, fungu la AB ni la sekretarieti ya serikali ya ukoloni, na humo ndimo mlimo barua za elimu, mishahara ya walimu, na mabishano ya nani afundishe nini kwa lugha gani. Nakili namba nzima ya jalada, pamoja na alama ya mkwaju (/) na tarakimu baada yake, kwa sababu namba pungufu hukuletea jalada jingine au hukurudishia karatasi ya maombi. Omba yote unayoyahitaji asubuhi. Leta penseli, peni zikae begini. Picha ziombwe ruhusa na ulipie kama utakavyoambiwa, bila mwanga wa kamera. Majalada mengine utaambiwa hayatoki. Unyevunyevu wa kisiwani na wadudu wamelainisha karatasi kiasi kwamba kufunguliwa tu kunazivunja, na hapo kubembeleza hakusaidii wala si haki.

Hazina kubwa ya nyumba hii ni hati za Kiarabu, nyingi zilizoandikwa kwa mkono: fiqhi, sarufi, tiba, falaki, mashairi. Mkusanyo huo uliingizwa kwenye rejista ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 2003. Pembeni mwa kurasa utaona maandishi madogo yanayopinda, mengine yamepanda hadi ukingoni. Hizo ni hashiya, maelezo ya waliosoma nakala hiyo. Ukizitazama baada ya kukaa kwenye darsa ya Jumatatu utazielewa haraka: ni sauti ya sheikh ileile, imeandikwa na mwanafunzi aliyekuwa akimsikiliza.

Ukitoka, rudi kwa Mnazi Mmoja. Beit el Amani lenye kuba jeupe lilifunguliwa 1925 kuwa makumbusho, kazi ya msanifu John Sinclair, ambaye pia alichora Mahakama Kuu ya Vuga. Alichanganya matao ya Kiarabu na mipango ya Kizungu, na kuna wanaouona mtindo huo kuwa wa bandia. Sisi tunauona umekaa vizuri kwenye mwanga wa hapa, hasa saa kumi jua likiegemea.

Vuga ndipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilipo karibu zaidi na Mji Mkongwe. Kiliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kufundisha 2001, kikaja kuzikusanya chini yake taasisi zilizokitangulia, ikiwamo Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambako wageni wa nchi nyingi wamejifunzia lugha hii. Getini onyesha kitambulisho, sema unataka kuonana na nani au unataka kuona maktaba, na uandikwe kwenye daftari. Ukimwita mhadhiri "Mwalimu" au "Maalim" umempa heshima yake. Usizunguke madarasani kupiga picha za wanafunzi. Anayetaka kozi ya Kiswahili aandike barua pepe mapema, aeleze kiwango chake na wiki alizonazo, kwani madarasa hupangwa kwa kundi na anayekuja ghafla hutiwa kwenye kundi lisilomfaa.

Alhamisi: Tunguu, kisha Beit el Ras

Asubuhi panda daladala yoyote ya kusini inayopita Tunguu: 309 ya Jambiani, 310 ya Makunduchi au 326 ya Kizimkazi. Vituo vya mjini vimekuwa vikihamishwa, kwa hiyo muulize mwenyeji wako usiku wa kuamkia, usitegemee kitabu cha mwaka juzi. Gari huondoka likijaa. Tunguu ina kampasi kuu ya SUZA na pia Chuo Kikuu cha Zanzibar, cha binafsi, kilichoanza 1998. Majengo ni ya kisasa na yametawanyika, jua ni kali, na kwa mtalii hakuna mengi. Inatosha kuona maktaba, duka la vitabu kama limefunguliwa, na kula wali na samaki pamoja na wanafunzi. Usije baina ya Julai na Septemba ukitarajia pilikapilika, kwani vyuo huwa likizo na mwaka mpya wa masomo huanza Oktoba au Novemba.

Rudi mjini kabla ya alasiri ukapande 502 ya Bububu. Barabara hii inafuata pwani ya kaskazini na ina magofu matatu. Maruhubi ni kasri la Barghash, lililoungua 1899. Nguzo zake bado zimesimama, pita tu. Mtoni, kasri la Sultani Seyyid Said, baba wa Barghash, kaa kidogo. Hapo alizaliwa binti yake, Sayyida Salme, mwaka 1844, naye ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizotoka 1886, namna watoto wa kasri walivyosomeshwa. Wasichana walifundishwa kusoma Qur'ani na hawakufundishwa kuandika. Alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa zama zile. Ukishaijua habari hiyo, unaweza kusimama kwenye ua ule mtupu ukaujaza mwenyewe.

Beit el Ras ni mbele kidogo. Seyyid Said alianza kujenga kasri hapa kwa ajili ya familia yake iliyokuwa ikikua, akafariki 1856 halijesha, na halikumalizwa. Kilichobaki ni kipande cha ukumbi wa mbele. Pahala penyewe pakawa chuo cha ualimu, baadaye kikaitwa Nkrumah, na sasa ni kampasi ya SUZA. Kwa miongo mingi walimu wa skuli za Unguja na Pemba walitoka hapa, na mtu mzima yeyote wa visiwa hivi amesomeshwa na aliyesoma Beit el Ras, au na mwanafunzi wake. Omba ruhusa getini, taja kwamba unakuja kuona gofu, na uende nalo taratibu kwa sababu limezungukwa na majengo yenye masomo. Pwani iliyo chini ni nzuri kwa kupumzika, ila maji yakipwa hutoka mbali na miamba ni yenye ncha. Vaa viatu.

Ijumaa: milango, Forodhani, na boti

Ijumaa ni nusu siku. Kuanzia saa sita maduka mengi hufungwa na watu huelekea misikitini, na hata vichochoro hutulia. Kila unachotaka kuona ukione kabla.

Anza saa mbili kwa kutembea Hurumzi na Kiponda kusoma milango. Sehemu zake ni miimo pembeni, mfaa katikati unaofunika maungio ya mbao mbili, na kizingiti cha juu kilichochongwa. Mlango wa Kiarabu wa zamani una kizingiti kilichonyooka, na wenye upinde na nakshi nzito za maua huwa umeathiriwa na mafundi wa Kihindi. Njumu za shaba zilikuja na desturi ya India. Kinachotuhusu ni maandishi ya juu: mara nyingi aya au dua, na mwishoni mwaka wa Hijria. Hapo wengi hukosea kusoma, kwa sababu tarakimu ya Kiarabu inayofanana na sifuri ni tano, na sifuri yenyewe ni nukta. Ukishapata mwaka, uzidishe kwa 0.97 kisha uongeze 622. Mwaka 1300 hukupa 1883, ambao ndio mwaka lilipojengwa Beit al-Ajaib, jumba la Barghash lililo Forodhani. Hesabu hii hupishana kwa mwaka mmoja tu. Beba darubini ndogo au kuza kwa simu, maana vumbi na rangi za kila Idi zimeziba mikato.

Beit al-Ajaib litazame kwa nje. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 wakati wa matengenezo, watu wawili wakafariki, na likafungwa. Ngome Kongwe ya jirani, iliyojengwa na Waomani pahala palipokuwa na kanisa la Wareno, huingiwa kwa urahisi. Makumbusho ya Kasri, kama yamefunguliwa, yanaeleza familia ya masultani, na chumba cha Sayyida Salme ndicho cha kukaa zaidi kwa aliyetoka Mtoni jana. Viingilio vya raia na vya wageni hutofautiana, kwa hiyo kitambulisho kiwe mfukoni.

Baada ya sala kula, funga mzigo, nenda bandarini. Tiketi ya boti huandikwa jina, nalo lilingane na kitambulisho. Fika saa moja kabla, kwani mizigo huchunguzwa na foleni ya Ijumaa na Jumapili ni ndefu. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, mkondo huwa na mawimbi makubwa: kaa sitaha ya chini upande wa nyuma, kula kitu chepesi, na ukiwa mwepesi wa kichefuchefu meza dawa nusu saa kabla ya kung'oa nanga. Vitabu na nakala zako za nyaraka usizitie kwenye mzigo unaoachwa mbele, maji ya chumvi hurukia huko. Zitie kwenye mfuko wa plastiki na uzipakate.